Friesian, Jersey au Ayrshire: mbegu ipi kwa maziwa unayoyataka?

Bwana mifugo akifika bandani hana muda wa hadithi. Ng'ombe ameonekana kwenye joto alfajiri, jioni ndiyo saa yake ya kupandikizwa, na mtungi wa naitrojeni wenye mbegu za mafahali zilizogandishwa uko nyuma ya pikipiki. Anaufungua, mvuke mweupe unamwagika chini kama ukungu wa Kibosho, huku mlimani Kilimanjaro, mwezi wa Julai, kisha anauliza: "Mama, leo tuweke Friesian au Jersey?" Ukishajibu, mrija unatolewa, unayeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa nusu dakika hivi, na kazi imekwisha. Mimba ni miezi tisa, ndama jike akue awe mtamba, naye apandikizwe, azae. Ndoo ya kwanza ya maziwa yake utaikamua mwaka wa tatu au wa nne kuanzia jioni hiyo.

Kwa miaka mingi nilijibu kwa mazoea: "Weka Friesian." Majirani wote waliweka Friesian, na ndoo iliyojaa huonekana hata kwa anayepita njiani. Siku hizi najiuliza kwanza maziwa yangu yanakwenda wapi yakishatoka kwenye ndoo. Nina ng'ombe wanne wa bandani. Maziwa ya asubuhi nauza kwa lita kwenye kituo cha kukusanyia. Ya jioni nagandisha mtindi, na nikipata oda natengeneza jibini. Kazi hizo hazitaki maziwa ya aina moja, na kila unapochagua mbegu unachagua kazi mojawapo, ujue usijue.

Kilichomo ndani ya lita

Maziwa ni maji kwa karibu asilimia 87. Kinachobaki ni mafuta, protini, sukari ya maziwa na madini. Sukari tuiache hapo hapo: inazunguka asilimia 4.7 kwa ng'ombe karibu wote, kwa sababu ndiyo inayovuta maji kuingia kwenye maziwa. Ikiongezeka, maji nayo huongezeka, na kiwango kinabaki kile kile. Tofauti ya kweli kati ya koo hizi iko kwenye mafuta na protini.

| | Friesian | Ayrshire | Jersey |
|---|---|---|---|
| Mafuta (asilimia) | 3.6–3.8 | 3.9–4.1 | 4.7–5.0 |
| Protini (asilimia) | 3.1–3.2 | karibu 3.3 | 3.7–3.8 |
| Uzito wa ng'ombe jike mzima (kilo) | 600–700 | 450–550 | 400–450 |

Hao ni ng'ombe halisi wa koo zao, walioshiba. Chotara wetu wa mlimani ni wadogo zaidi, na maziwa yao huangukia katikati kulingana na damu waliyonayo.

Kama namba hazikushawishi, fanya hivi. Chukua chupa mbili za kioo, zijaze maziwa mabichi ya ukamuaji mmoja, ya ng'ombe wawili tofauti, yaliyokorogwa vizuri kabla ya kumiminwa. Ziache kwenye friji usiku kucha bila kuzitikisa. Kwangu, chupa ya chotara wa Friesian asubuhi ilikuwa na utando mwembamba juu, mweupe, usiofika upana wa kidole. Ya binti wa Jersey ilikuwa na tabaka nene la rangi ya ndizi mbivu, na mpaka wake ulionekana wazi kama mstari uliochorwa kwa rula. Ule unjano ni karotini itokayo kwenye majani mabichi. Jersey huiacha ipite kwenye mafuta kwa wingi kuliko Friesian. Mteja wangu mmoja wa mjini aliwahi kudhani nimetia rangi. Nilimwonyesha chupa.

Sasa hesabu. Tuseme Friesian anatoa lita 20 kwa siku na Jersey lita 15. Ukijumlisha mafuta na protini, lita 20 za Friesian zina kilo 1.4 hivi, lita 15 za Jersey zina kilo 1.3. Zile lita tano zilizozidi karibu zote ni maji. Kwa anayeuza kwa lita, maji hayo yanalipwa, na ni halali yake. Kwa anayetengeneza siagi au jibini, ni maji aliyoyanunulia majani, akayakamua, akayapasha moto kwa gesi yake, kisha akayamwaga pamoja na maji ya jibini.

New Zealand viwanda humlipa mfugaji kwa kilo za mafuta na protini, na ndiyo maana huko Jersey na chotara wa Jersey kwa Friesian wamejaa mashambani. Huku kwetu, kwenye vituo vingi, lita ni lita ilimradi maziwa yamepita kipimo cha maji na kile cha kileo cha kuona kama yameanza kuchacha. Usimcheke jirani anayeng'ang'ania Friesian kama yote anauza kituoni. Anasoma soko lake sawasawa.

Majani ndiyo yanayoamua mlimani

Ng'ombe anayekamuliwa hula chakula kikavu cha karibu asilimia 3 ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 550 anahitaji kilo 16 na ushee. Wa kilo 380 anahitaji kilo 11 hivi. Majani ya tembo mabichi yana maji mengi, kilo moja kavu inatoka kwenye kilo tano au sita mbichi. Kwa hiyo huyo mkubwa ni zaidi ya kilo 80 za majani kila siku, na mdogo ni kama 60. Anayeishi kwenye kihamba, shamba la nyumbani, cha robo tatu ya eka, migomba na kahawa vimebanana, anajua maana ya kilo 20 za majani. Zinabebwa kichwani, au zinapandishwa kwa gari kutoka tambarare wakati wa kiangazi kwa bei ambayo haina huruma.

Friesian mwenye njaa hakupi maziwa ya Friesian. Anakonda, anachelewa kurudi kwenye joto, na lita 20 zinakuwa 9. Jersey mwenye njaa naye hupungua, lakini mwili wake wa kuutunza ni mdogo. Hapa ndipo nilipobadilisha msimamo: kwa mwenye eneo dogo anayekata na kubeba, mbegu ya Jersey juu ya chotara wa Friesian ndiyo chaguo langu la kwanza, na ningelisema hilo hata kama ningekuwa nauza yote kwa lita.

Jersey ana mawili ya kumlipia. La kwanza ni homa ya maziwa: baada ya kuzaa hushambuliwa kirahisi kuliko wengine, kalsiamu inashuka kwenye damu, anaanguka na kushindwa kuinuka. Ukimwita daktari mapema anapona haraka. Ukisubiri asubuhi unaweza kumkuta amekufa. La pili ni ndama dume. Dume wa Friesian ukimkuza miaka miwili, Desemba watu wakirudi nyumbani mchinjaji anakufuata mwenyewe. Dume wa Jersey hana mwili, na bei yake ndiyo hiyo hiyo isiyo na mwili. Kwa upande mwingine, ndama wa Jersey huzaliwa na kilo 25 hivi, wa Friesian karibu 40. Mtamba mdogo anayezaa mara ya kwanza, Jersey humwokoa na uzazi mgumu.

Urithi: kwa nini mafuta hufuata damu kuliko lita

Ng'ombe wawili wakitofautiana lita, robo hadi theluthi tu ya tofauti hiyo kwa kawaida inatokana na urithi. Iliyobaki ni lishe, maradhi, joto na mikono ya mfugaji. Asilimia ya mafuta na ya protini ni tofauti kabisa: karibu nusu yake ni urithi. Maana yake, ukitaka lita zaidi, anza na hori. Ukitaka maziwa mazito, fahali ana sauti kubwa.

Tatizo ni kwamba mambo haya mawili yanavutana. Jeni nyingi zinazopandisha lita hushusha asilimia. Mfano ulio wazi ni jeni iitwayo DGAT1, iliyo kwenye kromosomu ya 14, ambayo watafiti waliitambua mwaka 2002. Ina sura mbili. Sura moja humpa ng'ombe mafuta zaidi, nakala moja ikiongeza karibu asilimia 0.2 hadi 0.3, lakini inapunguza lita. Nyingine hufanya kinyume. Jersey wengi wanabeba ile ya mafuta. Friesian, waliochaguliwa kwa ndoo kubwa kwa vizazi vingi, wengi wanabeba ile ya lita.

Na zebu, ng'ombe wetu wa kienyeji wa nundu? Karibu wote wanabeba ile ya mafuta. Bibi yangu alikuwa na ng'ombe wa kienyeji aliyetoa lita mbili, na alikuwa akisema maziwa ya "hawa wa kizungu" hayashiki kwenye kibuyu. Tulimwona mzee anayekumbuka ujana wake. Alikuwa anasema ukweli ulioandikwa kwenye damu ya ng'ombe wake.

Kwa hiyo ukimpandikiza zebu mbegu ya Friesian, binti anapata nakala moja ya mafuta kutoka kwa mama. Huyo mara nyingi ni ng'ombe mzuri kweli: lita za kutosha, maziwa mazito, na anavumilia kupe. Ukimrudishia Friesian tena unafika asilimia 75 ya damu ya kigeni, ukirudia ni 87.5, na kila hatua nafasi ya kubakiza ile nakala inapungua kwa nusu. Pamoja nayo inapungua nguvu ya kustahimili ndigana na kiangazi. Ukiweka Jersey kwenye zamu ya pili badala ya Friesian, mafuta yanarudi bila kurudi kwenye lita mbili za bibi.

Angalizo kuhusu rangi, kwa sababu niliumia nalo. Niliwahi kununua mtamba wa kahawia, macho makubwa, nikaambiwa ni Jersey mtupu. Maziwa yake yalikuwa mepesi kuliko ya yeyote bandani. Rangi ya ngozi haisemi lolote kuhusu mafuta. Tena chotara wa kwanza wa Friesian na Jersey mara nyingi huzaliwa mweusi, na watu mnadani wanampita wakitafuta kahawia, kumbe huyo mweusi ndiye mwenye maziwa. Uliza rekodi ya kupandikizwa, siyo rangi.

Asilimia au kilo? Fahali watatu wa ukoo mmoja

Tofauti kati ya fahali na fahali ndani ya ukoo mmoja ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, na hapa ndipo orodha za mafahali huwachanganya wengi. Nimetunga mfano. Tuchukue ng'ombe wa kawaida wa kilo 6,000 za maziwa kwa mzao mmoja, mafuta asilimia 3.75, yaani kilo 225 za mafuta.

Mabinti wa fahali wa kwanza wanaongeza kilo 600 za maziwa, lakini asilimia inashuka kwa 0.08. Mabinti wa wa pili wanaongeza kilo 100 na asilimia inapanda 0.15. Wa tatu, asilimia inapanda 0.20 ila maziwa yanapungua kilo 200. Ukitazama asilimia pekee utamkimbilia wa tatu. Piga hesabu: wa kwanza anaongeza kilo 17 za mafuta, wa pili kilo 13, wa tatu kilo 4 tu. Yule aliyeonekana mbaya kwenye safu ya asilimia ndiye anayeleta mafuta mengi nyumbani.

Nani basi anahitaji asilimia, na nani kilo? Siagi na jibini ni kilo: unachouza ni kile kilichobaki baada ya maji kutoka, ingawa asilimia kubwa inakupunguzia gesi na sufuria. Mtindi ni asilimia, kwa sababu lita kumi za maziwa hutoa lita kumi za mtindi hata ufanyeje, na mteja anarudi kwa uzito anaousikia kwenye kijiko. Uzito huo unatoka zaidi kwenye protini kuliko mafuta. Kwa mtindi, safu ya kwanza kuisoma ni asilimia ya protini. Mimi ningemchukua fahali wa pili, kama protini yake nayo imepanda.

Namba za orodha hizo hupimwa dhidi ya ng'ombe wa nchi iliyozitoa. Fahali wa Marekani mwenye +20 na wa Uholanzi mwenye +20 kwenye safu ile ile hawako sawa. Kuna kituo cha Interbull huko Uppsala, Sweden, ambacho kazi yake ni kuziweka kwenye kipimo kimoja. Linganisha wa orodha moja kwa wa orodha hiyo hiyo. Na tangu 2009, Marekani ilipoanza rasmi kutoa makadirio yanayotumia vinasaba, fahali kijana anaweza kuwa na namba nzuri kabla hajapata binti hata mmoja anayekamuliwa. Namba hizo zimejengwa juu ya ng'ombe wa kule. Kwa chotara wa huku, mradi wa ADGG, wa kuboresha koo za ng'ombe wa maziwa Afrika, chini ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, umekuwa ukikusanya rekodi na vinasaba vya ng'ombe wa wafugaji wadogo wa Tanzania, na fahali aliyepimwa kwa mabinti wanaokula pumba na migomba kama wangu namwamini zaidi.

Mbegu zenyewe, kituo cha taifa cha uhimilishaji (NAIC) kiko Usa River, upande wa Arusha. Mwambie bwana mifugo siku kadhaa kabla unataka fahali gani. Ukisubiri ng'ombe aingie kwenye joto, utapata kilichomo kwenye mtungi.

Kapa na A2: kipi ulipie

Jeni za kazeini, protini kuu ya maziwa, zimekaa pamoja kwenye kromosomu ya 6. Mbili husikika sana sokoni.

Kapa-kazeini ina aina A na B. Maziwa ya ng'ombe mwenye BB, yaani B kutoka kwa kila mzazi, huganda haraka kwa reneti, kimeng'enya cha kugandishia jibini; bonge lake ni gumu, na jibini linalotoka ni zaidi. Jersey wengi wana B. Friesian wengi wana A. Kwa Ayrshire wa Finland imeonekana aina E, inayohusishwa na maziwa yasiyotaka kuganda vizuri kwa reneti. Kama unatengeneza jibini, tafuta BB kwa nguvu. Kama ni mtindi tu, usiongeze hata shilingi: mtindi huganda kwa uchachu, siyo kwa reneti, na faida hiyo haifiki kwenye kikombe.

Bita-kazeini ina A1 na A2, tofauti ya kiungo kimoja tu cha protini, nafasi ya 67. Maziwa ya A2 hunadiwa kuwa salama zaidi kiafya. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia ushahidi mwaka 2009 na haikuona uthibitisho kwamba A1 husababisha maradhi yaliyokuwa yakitajwa. Zebu wengi ni A2 kiasili. Fahali wawili wakilingana kwa kila kitu, chukua wa A2. Usimwache fahali bora kwa ajili ya herufi hiyo.

Kabla hujamlaumu fahali

Mbegu inachukua miaka mitatu. Hori linachukua wiki mbili. Mafuta ya maziwa hutengenezwa kwa sehemu kubwa kutokana na nyuzi za majani zinapochachuka tumboni; ukijaza pumba na kupunguza majani, mafuta yanaporomoka hata kwa Jersey. Masika, majani yakiwa machanga na laini, nayo hushuka. Changanya na mabua makavu ya mahindi, utaona.

Na maziwa ya mwisho kwenye kiwele ndiyo yenye malai. Ya mwanzo yanaweza kuwa na mafuta asilimia 2 au chini, ya mwisho yakapita 8. Anayekamua nusu na kumwachia ndama amalizie anauza maziwa mepesi na kumnywesha ndama siagi. Nilifanya hivyo miaka, nikisema ng'ombe wangu hana mafuta.

Ayrshire

Nimemweka mwisho kwa sababu ni mgumu kumpata, siyo kwa ubaya. Mafuta yake yako katikati, mwili wa wastani, miguu imara, kiwele kilichokaa vizuri, na hutafuta malisho mwenyewe kuliko hao wengine. Kwa anayefungulia ng'ombe, mathalani upande wa Sanya Juu kwenye nafasi, ningempa nafasi ya kwanza. Bandani Kibosho, sifa ya kutembea haimsaidii mtu.

Kwangu, basi, imekuwa hivi. Chotara wawili wenye damu nyingi ya Friesian wanapata Jersey, mmoja kwa fahali mwenye kapa BB kwa ajili ya jibini. Yule mwenye zebu nyingi zaidi, anayekula chochote na haugui, nimempa Friesian, fahali wa kilo za mafuta na siyo wa asilimia. Wa nne ni mtamba, na ndiye ninayemfikiria usiku: namtaka Jersey wa mbegu iliyochujwa jinsia, ambayo ndama tisa kati ya kumi huwa jike. Ni ghali zaidi, na kushika mimba kwake ni pungufu kidogo, lakini mtamba hushika kirahisi kuliko ng'ombe mzee, na dume wa Jersey sina pa kumpeleka. Bwana mifugo nimeshamwambia. Mtamba anatarajiwa kuingia kwenye joto wiki ya kwanza ya mwezi ujao.